Kitabu Kilichomrudisha Mchukuzi

Asubuhi ile niliondoka Morogoro bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimelala kwenye kibanda cha vibarua wa reli, na nilipotoka nje nikaona ukungu umeshuka mlimani mpaka kwenye migomba ya Bigwa. Nikatamani kwenda kuona ulikotoka. Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Sikuwa na mke wala shamba, na kazi ya kubeba mataruma ya reli si kazi ambayo mtu anaiaga. Nikafunga shuka yangu, ndani nikatia mihogo mikavu, kisu na kitabu, nikaanza kupanda.

Kitabu ndicho kilichonipa miguu myepesi. Kilikuwa kidogo, jalada lake la kijivu, kimechapwa na wamisheni wa pwani kwa ajili ya vijana wa shule. Mwaka ule hapakuwa na kijana wa Morogoro ajuaye kusoma ambaye hakukizungumzia. Kilieleza habari za mchukuzi aliyepotea njiani. Mzigo wake ulikutwa kando ya mto, umeegemezwa kwenye jiwe, ngata yake ya kichwani imewekwa juu, kamba haijaguswa, na jiwe lina damu. Usiku uliotangulia watu wa kambi walisikia ukelele mmoja, kisha kimya. Alikuwapo mvushaji mwenye jicho moja. Alikuwapo mpishi wa msafara aliyeficha mkono wake wa kushoto kila alipogawa chakula. Alikuwapo mnyapara aliyebadilisha njia bila kumwambia mtu sababu. Ni nani kati yao?

Pale stesheni watu waligawanyika. Wa mvushaji walikaa upande huu, wa mnyapara upande ule, na wakitukanana walitukanana kwa majina ya kitabuni. Tarishi mmoja wa bomani alikuwa na kidonda mkononi, wakambandika jina la mpishi, likamganda mpaka mkewe akawa anamwita hivyo. Waliokimaliza walikuwa na maringo yasiyovumilika. Ukimwuliza mmoja mwisho wa kitabu, anatabasamu tu.

"Soma mwenyewe, bwana. Usingizi utaupata wapi, sijui."

Mimi shule niliiacha mapema. Nilikaa shule ya serikali mpaka nikajua kusoma na kuandika, lakini walipofika kwenye hesabu za kugawanya na kiboko kikaanza kufanya kazi, nilitumwa kuchota maji nikapitiliza. Kusoma hakukuniacha hata hivyo. Nilisoma maandishi ya masanduku ya sabuni, nilisoma matangazo yaliyobandikwa bomani, nilisoma hata karatasi iliyofungiwa sukari dukani kwa Mhindi. Kwa hiyo kuwa mtu wa pekee asiyejua mchukuzi yule alipatwa na nini kuliniuma kama jino. Mwisho karani mmoja wa stesheni alinipa nakala yake, pembe zimeliwa na mchwa, akasema hataki kukiona tena. Nilidhani kilimtisha.

Basi nilipanda nikisoma. Nilisoma nikipumzika, na mahali njia ilipokuwa sawa nilisoma nikitembea, nikajikwaa mara kadhaa. Jua lilipokuwa utosini nilikuwa nimepita nusu, na nilikuwa na hakika kwamba ni mnyapara. Ndipo nikafika kwenye mji wa nyumba chache zilizoshikilia mteremko, mbele yake mahindi na migomba, na mzee mmoja kivulini mwa upenu akisuka tenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi nawe, unaongea na karatasi?"

Sikujua kwamba nilikuwa nikisoma kwa sauti. Nikamwambia ninatoka Morogoro. Akaniuliza ninakwenda kwa nani, nikamwambia siendi kwa mtu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi asiye na mwenyewe.

"Kaa basi. Asiyekwenda kwa mtu hachelewi."

Kando yake alikaa mwanamke akichambua maharage kwenye ungo. Hakuwa mzee, lakini nywele zake zilikuwa ndefu, hazikuchanwa wala kupakwa mafuta. Niliona, sikuuliza. Aliniletea maji kwenye kibuyu, akasema, "Kinasema nini, hicho?" Nikafurahi kuulizwa. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza kuwasomea.

Nilipofika pale pa mzigo kando ya mto, na ngata juu yake, mzee aliacha kusuka. Mwanamke aliendelea kuchambua, ila niliona anatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

"Rudia hapo," mzee alisema.

Nikarudia.

"Hiyo ni habari yetu," akasema taratibu. "Huyo ni mpwa wangu."

Nilielezwa nikiwa nimeshika kitabu wazi mapajani. Mpwa wa mzee, mume wa mwanamke yule, alishuka na mzigo wa ulanga wa yule Mzungu anayechimba mlimani, yale mawe ya kung'aa yanayobanduka kama maganda ya kitunguu. Hakufika Morogoro. Mzigo ulikutwa kijitoni, umeegemezwa kwenye jiwe, ngata juu. Wengine walisema askari walimkamata kuchukua mizigo ya safari nyingine, ya bara. Wengine walisema chui. Wengine walisema amekimbia kazi, naye mzee aliwafukuza hao. Masika yalikuja yakapita, yakaja tena. Sasa ukoo ulikuwa umekubaliana hatimaye: wataweka matanga bila maiti na kuyaondoa, mjane anyolewe na kuogeshwa, arudi kwa mama yake, na jina la marehemu apewe mdogo wake. Mtama wa pombe ulikuwa umekwisha kulowekwa. Ulikuwa kwenye mtungi mkubwa pale mlangoni.

"Mzee," nikasema, "hii ni hadithi. Imetungwa."

"Imetungwa na nani?"

"Sijui. Wazungu, au watu wao."

"Karatasi ya kodi nayo imetungwa?"

"Hapana."

"Na kipande cha kazi? Na ile barua ya akida iliyosema nyumba yangu ina mlango wa nyuma, imetungwa?" Akaonyesha nyumba. Mlango wa nyuma ulikuwapo. "Mzungu hapotezi karatasi kwa jambo ambalo halikutokea. Kila karatasi niliyoiona imetaja mtu na imetaja kitu, na mtu huyo na kitu hicho vipo. Soma, mwanangu. Soma mpaka mwisho."

Ningemjibu nini? Hata mimi, kabla ya siku hiyo, sikuwa nimeona karatasi nyingi zenye kusema jambo ambalo halipo. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi: nilikuwa sijui mwisho. Niliwatazama wale wawili, mmoja anataka nimrudishie mtu na mwingine anataka nini sikujua bado, nikaogopa kurasa zilizobaki. Nikasoma hata hivyo. Majirani walikusanyika. Palipokuja habari za mkono wa mpishi, bibi mmoja alisema, "Huyo, huyo, msimwache," na watu wakacheka, lakini mzee hakucheka. Giza lilipoingia tukaacha. Walinipa ugali na mlenda, nikalala barazani na kitabu chini ya shingo, na sikukifungua peke yangu. Niliona si haki nijue mbele yao.

Asubuhi nikamalizia.

Sasa niseme jinsi kitabu kile kinavyokwisha, maana hakuna tena wa kukasirika nikisema. Mchukuzi hakuuawa. Hakutekwa, hakukimbia, hakuliwa. Aliweka mzigo chini apumzike, akasikia kengele ikilia mbali, akaifuata, akafika misheni, akakaa huko akajifunza na kupewa jina jipya, na kwa kuwa jina lilikuwa jipya hakuna aliyemtambua. Damu ilikuwa ya mbuzi. Ukelele ulikuwa wa ndege. Mnyapara alibadilisha njia kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na matope. Mambo hayo yote yalielezwa katika ukurasa mmoja, upesi upesi, kama mtu anayefunga duka mvua ikija. Mvushaji hakutajwa tena. Mkono wa kushoto wa mpishi haukutajwa tena mpaka mwisho. Na kurasa zilizobaki zilikuwa maonyo kwa vijana: waamke mapema, wanawe mikono, wasikae vijiweni.

Nilibaki nimekitazama. Nilihisi kama mtu aliyealikwa karamu, akanawa mikono, akakaa, akaambiwa chakula ni kesho. Vijana wa stesheni walikuwa wanajua haya. Walijua na wakatabasamu, kila mmoja akampisha mwenzake aingie kwenye shimo alilokwisha kutumbukia yeye. Ningeweza kukirusha bondeni saa ile.

Lakini mzee alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Yuko hai," alisema. "Amebadilisha jina. Ndiyo maana tuliuliza tukakosa. Tuliuliza jina la zamani."

Akaenda mlangoni, akauinamisha mtungi. Mtama ulimwagika na maji yake, ukatelemka uani, kuku wakaukimbilia. Hakuna matanga, alisema. Hakuna kunyolewa. Mke atamngoja mumewe hapa hapa, na siku akirudi amkute.

Nikamtazama mwanamke. Hakulia wala hakusema neno la furaha. Aliuliza kwa adabu, macho chini, "Katika kitabu, mke wake anaitwa nani?"

"Hana mke," nikasema.

"Hakuoa?"

"Hakikusema."

"Wangu alikuwa na mke." Akamgeukia mzee. "Baba, huyo si yeye. Na ngata kila mchukuzi huiweka juu ya mzigo akipumzika. Aiweke wapi tena?"

"Kitabu cha safari hakiandiki mambo ya jikoni," mzee akajibu, si kwa ukali. Alikuwa na furaha mno hata asiweze kuwa mkali. "Wamesahau mke, basi. Watu husahau."

"Wamekumbuka damu ya mbuzi wakamsahau mtu?"

Mzee hakumsikia, au alijifanya hakumsikia. Alikuwa anawaita majirani.

Nilipofunga shuka yangu, mwanamke alinifuata mpaka kwenye migomba, amebeba kibuyu kana kwamba anakwenda kuteka maji. Alisema upesi. Mama yake ni kipofu, yuko upande wa Matombo, shamba lake linaliwa na nyani kwa kuwa hakuna wa kuwafukuza. Yeye hawezi kwenda kukaa huko akiwa mke wa mtu anayengojwa. Amengoja. Hakatai kwamba amengoja. Lakini kungoja kulikuwa kumepata mwisho wake, mpaka nilipopita mimi na karatasi.

"Sikulaumu," akasema. "Umesoma kilichoandikwa. Ila ng'ambo ya mlima kuna misheni, na mwalimu wao ndiye anayeleta vitabu hivyo. Baba hawezi kumsikiliza mwanamke wala hawezi kukusikiliza wewe usiyekwenda kwa mtu. Lakini mwalimu akija mwenyewe aseme ni hadithi, atasikia. Kaniletee mwalimu."

"Na kama mumeo yuko hai kweli, dada?"

"Kama yuko hai, hakuhitaji kitabu kumjulisha njia ya nyumbani."

Nikaenda. Kwa mara ya kwanza tangu niache shule nilikuwa na mahali pa kwenda, na sikuupenda uzito wake. Njia ilipita msituni, chini ya miti iliyovaa ndevu za majani, utelezi mtupu, na maji yakilia kila upande bila kuonekana. Nilikuwa nimezoea kutembea nikitazama vitu. Siku ile niliutazama mguu wangu tu. Nilikuwa nikibishana na kitabu. Kama kingekwisha vizuri, nilisema moyoni, kama mnyapara angekuwa ndiye, wangesema huyo si mpwa wetu au wangesema ameuawa, na kwa vyovyote yule mwanamke angenyolewa. Ulegevu wa mtu mmoja aliyechoka kuandika, huko asikojua mtu, ulikuwa umemfunga mwanamke asiyemjua kwenye mteremko asioujua. Kisha nikajishika: je, ningefurahi mchukuzi auawe ili hadithi yangu ikae sawa? Nilitembea muda mrefu na swali hilo, na sikulipenda jibu.

Kijiji cha misheni nilikifikia jua likishuka. Kilikuwa na nyumba za udongo zilizopangwa kwa mstari, bustani za kabichi ambazo sikuwahi kuziona kwa wingi vile, na kengele kwenye nguzo. Mwalimu nilimkuta nyuma ya nyumba akinoa jembe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia, nikamwonyesha kitabu.

"Aa, umekisoma. Ulikipenda?"

"Mwalimu, mpishi alikuwa na nini mkononi?"

Akacheka mpaka akaweka jembe chini. "Hata mimi nilimwuliza padri aliyekigeuza Kiswahili. Akasema hamkumbuki mpishi. Huko kwao kilikotungwa, huyo mchukuzi ni mchunga kondoo. Ngata tumeitia sisi, na mto tumeutia sisi. Huko ilikuwa theluji. Mpishi nadhani alibaki tu kwenye kugeuza, kama nyuzi kwenye nguo."

"Kwa hiyo si kweli."

"Ni hadithi ya kufundisha vijana."

Nikamweleza yaliyotokea. Alisikiliza vizuri, uso wake ukapoa. Nilipomwomba apande kesho aende akamwambie mzee maneno hayo hayo aliyoniambia mimi, aliokota jembe lake akaanza kulinoa tena.

"Siwezi, ndugu yangu."

"Kwa nini?"

"Kwenye mji ule nimekaa barazani mara nyingi na kitabu kingine, kikubwa kuliko hicho. Nacho kimechapwa. Mzee yule ananisikiliza kwa sababu hiyo hiyo aliyokupa wewe, kwamba Mzungu hapotezi karatasi. Nikienda mimi nikasema kitabu hiki ni cha kutunga, ataniuliza nini? Nawe ungekuwa yeye ungeniuliza nini?"

Nilikuwa nimekuja kwa hasira, na hasira ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa, kwa kuwa mtu yule alikuwa anasema kweli na alionekana kuumia.

"Kwa hiyo mwanamke akae pale," nikasema, "ili baraza lako lisiharibike."

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini?"

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito. Aliniuliza mzee huyo ni wa ukoo gani. Nikamwambia nilivyosikia ukitajwa. Akapiga makofi mara moja, akaanza kucheka.

"Wale? Wale ni watani wangu. Bibi yangu alimzika bibi yao. Watani wangu wamedanganywa na karatasi ya mwalimu, na kuku wamekula mtama wa matanga, na mimi nakaa hapa napika kabichi?"

"Mama, taratibu," mwalimu akasema.

"Wewe endelea na jembe lako. Wewe ni mwalimu, mimi ni mtani." Akanigeukia mimi. "Kesho napanda. Nitaingia pale nalia, nitajipaka majivu, nitakaa katikati ya uwanja wake niulize, mbona msiba haujawekwa, mnangoja nini, mmekuwa wachoyo wa pombe? Nitamwambia yule mzee mbele ya watu kwamba yeye ni mpumbavu aliyelishwa hadithi ya mchunga kondoo. Hawezi kukasirika. Akikasirika ananilipa kuku. Na sitoki pale mpaka mtama mwingine ulowekwe."

Nilikuwa nimewaona watani kazini katika misiba, wakiwatukana wafiwa na kuwanyang'anya vyungu, na nilijua hakuna mlango unaofungwa mbele yao. Mzee angeweza kumkatalia mwalimu. Angeweza kumkatalia akida akiwa tayari kupata taabu. Mtani wake akijitupa chini uwanjani kwake akidai matanga, hana la kufanya ila kuweka matanga.

"Na vitabu?" mwalimu akauliza kwa sauti yake ndogo.

"Vitabu sitavitaja. Nitataja kimoja tu, na hicho hata wewe hukukipenda."

Nilitegemea kuona nafuu ndani yangu, nikaipata nusu. Nikamwuliza mama yule kile nilichomwuliza mwanamke kule kwenye migomba: itakuwaje wakimlilia, wampe mdogo wake jina, mjane aende zake, kisha mtu atokee njiani?

"Akitokea tutamcheka mpaka ajute kurudi," akasema. Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Atatokea wapi, mwanangu. Unajua waliochukuliwa bara wamerudi wangapi."

Akaniuliza nitalala wapi. Nikasema popote. Akasema hakuna mahali panapoitwa popote, akanipeleka kwenye ghala dogo nyuma ya jiko, akasogeza madebe ya mbegu, akatandika mkeka kando ya ukuta usiovuja. Aliniambia nikae hapo mpaka atakaporudi, kwa kuwa mwalimu hajui kupika, na kwamba nitapata chakula changu kwa kumwagilia kabichi. Nilisikia akirudi jikoni, akianza kutafuta kitu kwenye majivu ya jana, akichekecha, akikusanya yaliyo laini kwenye kifuu.

Mwalimu alikuja baadaye na kibatari cha mafuta. Alisimama mlangoni kama mtu anayetaka kuingia nyumbani mwake akiwa hana hakika. Aliuliza kama mkeka unatosha. Nikasema unatosha. Akaweka kibatari juu ya debe, akaniachia mwanga.